Taa za Kuonyana

Ukisafiri Barabara ya Morogoro, ukaipita Kibaha kuelekea Chalinze, dereva usiyemjua anayetokea mbele atakuwashia taa mara mbili: punguza mwendo, trafiki yupo na tochi yake ya kupima mwendo. Hakudai hata senti. Ni wema mtupu, ingawa trafiki hataufurahia.

Dereva huyohuyo akikaribia zebra ambapo mtoto mwenye sare za shule ameinua mkono, anakanyaga mafuta. Kwa nini? Nadhani wewe anakuona mwenzake: una usukani, unaogopa faini kama yeye. Mtoto hana gari, kwa hiyo hayumo kwenye chama. Huruma yetu wanadamu huanza kwa kuuliza nani ni wa kwetu.

Kibao cha kilomita 50 kwa saa kinachotutaka tupunguze mwendo hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki. Kimewekwa kwa sababu watu wanaishi pale na wanavuka barabara kwenda shuleni, dukani, msikitini na kanisani.

Wewe uliyeshika usukani sasa hivi ukinisikiliza: ukifika kwenye zebra, simama, hata kama trafiki hayupo. Mwache mtoto avuke.