Kujifunza kwa Msiba wa Mwenzako

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kushona jeraha kwa kulishona jeraha la mtu. Hapana njia nyingine, na mwenye jeraha pengine huliridhia jambo hilo, maana huondoka ameshonwa. Swali langu linahusu fani nyingine, ambayo majeraha yake hayaonekani kwa macho na uzi wake ni maneno: kazi ya ustawi wa jamii. Mwanafunzi wa fani hii hujifunza kwa msiba wa mjane, kwa aibu ya mlevi, kwa hofu ya mtoto aliyepigwa. Ana haki gani ya kujifunza hapo? Na akishajifunza, anadaiwa nini?

Sikuwahi kulifikiri swali hili darasani, nilikofundisha miaka kadhaa. Nilifikirishwa nalo Mpale.

Mpale ni kijiji cha Wilaya ya Korogwe, katika milima ya Usambara. Ukishuka bondeni unaukuta mto Pangani na mashamba ya mkonge, na ng'ambo ya pili ni Handeni, nchi ya Wazigua. Nilikwenda kumkagua kijana aliyepelekwa huko kwa mafunzo ya vitendo. Chuo sitakitaja wala kijana sitamtaja, na bibi nitakayemsimulia nimembadilishia mambo mawili matatu, majirani zake wasimtambue. Hiyo ni desturi ya kazi, na safari hii naifuata kwa moyo.

Bibi alikuwa akilea wajukuu, watoto wa binti yake aliyefariki. Tulimkuta anachambua maharage. Kijana akaamkia, akaketi mkekani, akatoa dodoso lake la kurasa sita. Alipofika mahali pake akauliza, kama tulivyomfunza: "Bibi, unajisikiaje tangu mwanao afariki?"

Bibi akachambua maharage kwa muda. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mama yako yu hai?"

Kijana akanitazama. Darasani tulikuwa tumemwambia kwamba mtaalamu huyaacha mambo yake mlangoni. Akajibu kwa adabu, "Bibi, leo tuzungumze habari zako." Bibi akasema, "Haya." Tangu hapo akajibu kila swali, wala hakukataa hata moja: ndiyo, hapana, nimezoea, Mungu ndiye ajuaye. Kijana akaandika. Tulipoinuka, kijana alimwahidi kwamba tutarudi, nami nikaitikia kwa kichwa.

Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, ndiyo kanuni ya vyuo vyetu. Mle ndani "nimezoea" ya bibi iligeuka neno lenye maana ya mtu anayemudu hali yake vyema. Mpenzi wa ushairi hahitaji kuelezwa umbali uliopo kati ya kuzoea na kumudu. Mtu huzoea njaa, huzoea mume mkali. Kuzoea ni kuacha kulia kwa kuwa machozi yamekwisha. Hata hivyo ripoti ilikuwa safi, haina kosa la sarufi, kila sehemu mahali pake. Niliipa alama ya juu na kuitia saini. Mwaka ukapita bila ya yeyote kati yetu kurudi.

Nisiwalaumu waliotuachia fani hii, maana wao wenyewe hawakuwa wa namna moja. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya Hull House katika mtaa wa wahamiaji mafukara wa Chicago, wakahamia kuishi humo humo. Walijifunza shida za jirani kwa kuwa majirani. Mwaka 1917 Mary Richmond akatoa kitabu chake, Social Diagnosis, kilichofunza kukusanya habari za mtu kwa utaratibu, kama tabibu akusanyavyo dalili. Fani ilizihitaji njia zote mbili. Lakini nyumba haibebeki, fomu hubebeka. Na kilichotufikia sisi zaidi ni fomu. Idara ya ustawi ilipoanza Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa ajili ya askari waliorudi, ilikuja na vitabu vyake na lugha yake. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, iliurithi mzigo huo na imejitahidi sana kuupunguza. Kuanzia mwaka 2006 ilishirikiana na chuo cha Chicago chenye jina la Jane Addams huyo huyo, kuwafunza wanavijiji wenyewe kuwaangalia watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Nilipoisoma habari hiyo nilitabasamu: yule mama aliyetutangulia kwa ujirani alikuwa amerudi kwa mlango wa nyuma.

Huko Korogwe na Handeni jambo hili lilikwisha kujaribiwa kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu cha Korogwe na kijiji cha Kwamsisi, Handeni, vilishirikiana kujaribu shule isiyotengana na kijiji, ambapo kazi ya kijiji ni somo na wanakijiji nao wana la kufunza. Ilikuwa zama za Elimu ya Kujitegemea, na makosa ya zama hizo yanajulikana. Ila swali lililoulizwa Kwamsisi naona lingali linangoja jibu: mwenyeji ana nafasi gani katika elimu inayopatikana kwake?

Nina neno moja linalonisumbua, nalo ni "mteja". Ndilo tuliloteua kumwita yule anayehudumiwa. Pwani hii neno hilo lina ukoo mrefu. Mwenye duka ana wateja. Mganga naye ana wateja wake, waliochezewa ngoma wakabaki chini ya kilinge chake. Na mitaani vijana walioshikwa na dawa za kulevya ndio wanaoitwa mateja. Tulidhani tumepata neno jepesi la ofisini, kumbe tumeokota lenye pepo ndani. Mteja wa dukani hulipa na kuondoka. Bibi wa Mpale alitulipa sisi, tena kwa mali asiyowapa hata majirani, kisha tukaondoka sisi.

Atakuja mtu aseme: basi fungeni vyuo, wazee wanajua. Wanajua mengi, hilo sipingi. Katika sehemu hizo mtani huingia matangani akafanya kazi ngumu ya mazishi, akamtania mfiwa hadi acheke na machozi yangali shavuni, wala asimvunjie heshima. Huo ni ustadi, na hufundishwa: mtu huujifunza kwa kuhudhuria misiba tangu utotoni, akiona nani alizidisha na nani alinyamaza kwa wakati wake. Walakini kijiji hicho hicho hujua pia kumnyang'anya mjane shamba, na kunyamaza mtoto anapoumizwa na mtu wa nyumbani mwake. Kuna jambo ambalo jirani haambiwi, kwa sababu ni jirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zinamtaka mtu atakayeweza kusikia jambo hilo bila ya kuwa shemeji wa mtuhumiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga hawakumkataa mgeni. Walimtaka apige hodi.

Ndiyo maana siafiki kwamba swali la bibi lilikuwa la kukwepa. Lilikuwa ni hodi ya upande wa ndani. Katika ushairi wetu wa kujibizana, anayetupa fumbo hukubali kwamba naye atatupiwa. Asiyekubali hukaa pembeni akasikiliza. Kijana wetu alitaka kufumbuliwa bila ya kufumbiwa, na sisi ndio tuliomfunza hivyo tukaita utaalamu. Mipaka ina kazi yake. Mtaalamu anayemwaga misiba yake juu ya misiba ya mwenzake ni balaa. Lakini kusema "Yu hai, bibi, yuko kwetu, anaumwa miguu" si kumwaga kitu. Kijana yule angeweza kulisema. Mama yake yu hai kweli, na kweli anaumwa miguu; aliniambia njiani tulipokuwa tukishuka mlima, bila ya mimi kumuuliza.

Mwaka 2014 jumuiya za kimataifa za fani hii ziliiandika upya tafsiri ya kazi yao, zikatia ndani maarifa ya wenyeji. Ni maneno mazuri. Nami niliyafundisha, na nilipokuwa nikiyafundisha nikaikumbuka saini yangu.

Basi nikapanda tena Mpale, peke yangu, na ile ripoti niliyoitafsiri kwa mkono wangu. Nikamwomba bibi radhi kwa kuchelewa, kisha nikamwomba ruhusa nimsomee. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mahali fulani akanisimamisha.

"Huyu mteja ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mteja wa mganga gani?"

Alicheka peke yake, nami sikupata la kusema. Nikaendelea kusoma hadi pale palipoandikwa kwamba analea wajukuu watatu. Akanisimamisha tena. Wanne, akasema. Nikaitazama fomu: iliulizwa idadi ya watoto waliopo nyumbani.

"Wa nne yuko Tanga mjini, kwa watu, anafanya kazi za ndani. Ana miaka kumi na miwili. Yule kijana nilimngoja aniulize." Akanyoosha mkono akaigusa karatasi. "Andika."