Zima Kwanza, Ndipo Ufunike

"Punguza moto, mume wangu. Majani hayagombani na mtu."

Bibi yangu ananiita mume wake tangu nikiwa mtoto, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, akinisubiri nimalize kuharibu. Nilikuwa nimefungulia jiko la gesi hadi mwisho. Maji yalirukaruka hadi nje ya sufuria, majani ya mkaratusi yalikuwa yamegeuka rangi ya tope, na harufu yote ilikuwa imeshatokea dirishani. Majirani ndio waliojifukiza. Bibi alibakiwa na maji ya moto.

Ilikuwa Juni mwaka jana, Kilosa, wakati ubaridi unaposhuka kutoka milimani na watu wanachelewa kufungua milango. Nilikuwa nimekuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nikiwa na begi la nguo, kompyuta mpakato, na sura mbili za tasnifu ambazo msimamizi wangu alizirudisha zikiwa na maswali pembeni mwa kila ukurasa. Ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Nilikuja kwa sababu mbili: kuandika upya sura hizo mahali pasipo na kelele, na kumwangalia Bibi, ambaye shangazi alisema ana kikohozi cha baridi.

Tasnifu yangu inahusu swali ambalo ukilisema haraka linaonekana dogo. Kujua kwamba jambo fulani ni kweli, na kujua namna ya kufanya jambo fulani, ni ujuzi mmoja au ni miwili? Gilbert Ryle, katika The Concept of Mind cha mwaka 1949, alisema ni miwili: mtu anaweza kuzikariri kanuni zote za mchezo na bado asijue kucheza, na mwingine akacheza vizuri bila kuweza kuzitaja. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini juu ya hoja hiyo. Sikuwa nimewahi kujifunza kitu chochote kwa mikono yangu.

Jiko lenyewe nililichukua Mikumi. Shangazi anauza supu na chapati kando ya barabara kuu, mahali malori yaendayo Tunduma yanaposimama kupumua baada ya kuvuka zile kilomita 50 za hifadhi. Alikuwa amenunua mtungi mkubwa, akaamua ule wa kilo 6, wenye kichomeo juu yake, uende kwa mama yake. Serikali ilikuwa imeshatangaza mkakati wa nishati safi, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Shangazi hakuwa na habari na asilimia. Alisema tu kwamba moshi wa kuni hauwezi kukaa nyumba moja na kikohozi.

Alinifundisha kwa dakika kumi, huku wateja wakiita. Paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, gesi inavuja. Washa kiberiti kwanza, kisha fungulia. Moto ukiwa wa bluu, uko sawa. Ukiwa wa manjano na unapaka masizi kwenye sufuria, haupati hewa ya kutosha. "Na usiwe na haraka nao," akasema. "Gesi inakutii kuliko mkaa, kwa hiyo ukiunguza ni wewe."

Yaliyobaki nilifundishwa na Bibi, ambaye hakuwa amewahi kugusa gesi maishani mwake. Yeye alizoea chungu, jani la mgomba juu yake, na mafiga matatu. Lakini alijua joto linataka nini, na kujua huko hakukutegemea jiko.

Maji yachemke yenyewe kwanza. Punguza moto mpaka uso wa maji utetemeke tu. Ndipo uweke majani: mkaratusi kidogo, mchaichai mwingi, kivumbasi kiganja kimoja, yakiwa yamefikichwa lakini hayajapondwa. Funika kwa mfuniko usiopumua, uhesabu kama dakika tano. Kisha uzime gesi kabisa, utoe sufuria jikoni, uiweke chini ndani ya karai lenye mchanga ili isipinduke, usogeze mtungi mbali, na hapo tu blanketi lishuke. "Zima kwanza, ndipo ufunike," alirudia kila siku, kwa sababu alishaona mtu aliyeungua mapaja kwa nyungu.

Mfuniko nao haufunguliwi wote. Unauinua upande mmoja, upana wa kidole, na unapitisha mkono wa ndani juu ya mvuke kabla uso haujafika. Kama mkono hauwezi kukaa hapo ukihesabu mpaka kumi, uso usiende. Anayejifukiza avute kwa pua, polepole, atoe kwa mdomo. Anayesaidia asikilize.

Nilichukua wiki mbili kuyaweza hayo. Baadaye nilisoma kwa nini Bibi alikuwa sahihi. Sineoli, kiini kinachoupa mkaratusi harufu yake, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 176 hivi. Lakini ikiandamana na mvuke wa maji huondoka kabla hata ya nyuzijoto 100. Ndiyo maana moto mkali hauongezi kitu. Unafukuza mapema kile unachokitaka na kukuachia maji machungu. Ukiyachoma majani yenyewe unapata moshi, na moshi ni jambo jingine, hata kama Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja tu, kufukiza, kwa nyungu na kwa udi. Bibi hakuwahi kusikia neno sineoli. Nilimwona Ryle akitabasamu.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua, na ndilo lililonifanya nianze kuandika insha hii. Sikuamini kwamba nyungu inaponya. Wote tunakumbuka mwaka 2020, jinsi kujifukiza kulivyotoka uani kukaingia kwenye hotuba, Rais Magufuli mwenyewe akikusifu, nchi nzima ikinukia mkaratusi. Nilikuwa nimesoma pia mapitio ya tafiti ya Cochrane kuhusu hewa ya mvuke wa moto na mafua ya kawaida, ambayo hayakuona faida ya kutegemewa. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa ninafanya kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho, kichwani, nilikipa thamani ya kikombe cha chai. Je, huo ni unafiki?

Nilijijibu kwamba hapana. Bibi alikuwa akilala vizuri zaidi. Pua zilifunguka, mabega yalishuka, alisimulia habari za mashamba ya mkonge ya Kimamba alikofanya kazi baba yake. Kumfariji mtu si kumdanganya, nilijiambia. Na zaidi ya hapo, nilikuwa nimeanza kuipenda kazi yenyewe. Kuna raha katika kupata joto sawasawa ambayo kurasa arobaini hazijawahi kunipa. Mwisho wa mwezi, jirani aliponiletea mwanawe wa miaka minne mwenye mafua, sikumrudisha. Nilipima mvuke kwa mkono wangu, nikauacha upoe zaidi kwa sababu ni mtoto, nikamweka mapajani chini ya blanketi lile lile ambalo Bibi alikuwa ametoka nusu saa iliyopita. Aliponyanyuka anacheka, mama yake aliniita fundi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mikumi kumsalimia shangazi. Gari dogo lilipita Ulaya (ndiyo, kijiji chetu kinaitwa Ulaya, na utani wake hauishi), nami nikafika mchana nikiwa na maneno mengi. Nilimweleza kila kitu: mchanga kwenye karai, kidole cha mfuniko, majani yasipondwe. Nilimwambia kwamba Bibi sasa anatoka jasho vizuri, hata usiku analowesha shuka.

Shangazi alikuwa anasukuma chapati. Akasimama.

"Anakohoa tangu lini, baba?"

Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimemkuta anakohoa. Tangu nije zilikuwa zimepita wiki tano.

"Na kula?"

Anakula kidogo. Kanga anaifunga kwa kuizungusha zaidi. Nilikuwa nimeliona hilo na kulichukulia kama uzee.

Shangazi hakunigombeza. Alifuta mikono yenye unga, akamwachia msichana wake banda, na tukarudi wote Kilosa jioni ile ile. Asubuhi tulikuwa hospitali, Bibi akiwa amekalia benchi la nje na kikopo cha makohozi mkononi. Majibu yalikuwa kifua kikuu.

Nesi aliyetuandikisha alikuwa binti wa umri wangu. Alieleza bila haraka: dawa ni bure, ni miezi sita, miezi miwili ya mwanzo dawa za aina nne, kisha mbili, mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na hilo lisimtishe. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeanza kuliogopa nikiwa bado kwenye gari. Nani amekuwa karibu naye, mahali pasipo na hewa, kwa muda mrefu? Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa. Hakipendi madirisha.

Nilifikiria blanketi. Nikataja watu wawili, mimi na mtoto wa jirani.

Mimi nilipimwa nikawa salama. Mtoto hakuwa na ugonjwa, na alipewa dawa za kumkinga. Mama yake alisikiliza maelezo yangu mlangoni kwake, akasema Mungu mkubwa. Hakunitukana. Ila tangu siku hiyo mtoto hakuja tena kwetu peke yake, na neno fundi halikutajwa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Sisi hatukuyaficha. Tuliyafunika kwa blanketi, kwa upendo, kila jioni, kwa utaratibu usio na kosa hata moja. Na hilo ndilo linalonirudisha kwenye swali langu nikiwa na majibu tofauti. Kama ningekuwa fundi mbovu, kama mvuke wangu ungeendelea kuwa maji ya moto tu, huenda tungekata tamaa wiki ya pili na kwenda hospitali. Ilikuwa nzuri kiasi cha kutosha kutuchelewesha.

Katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anatenga ustadi na busara kwa kipimo ambacho nilikuwa nimekifundisha kwenye semina bila kukielewa. Anasema katika ustadi, anayekosea kwa makusudi ni afadhali kuliko anayekosea bila kutaka, kwa sababu wa kwanza angalau anaiweza kazi. Katika busara ni kinyume: anayekosea kwa makusudi ndiye mbaya. Nimejaribu mara nyingi kujiweka upande wa wasiojua. Sipakai. Bango la kikohozi cha wiki mbili nimelisoma kwenye zahanati tangu shule ya msingi. Jasho la usiku, kupungua uzito, homa za jioni, vyote vimo pale. Nilijua kwamba. Nilijua namna. Lakini nilikuwa nimeufanya wema wa kazi yangu uwe kipimo cha hali ya Bibi: leo mvuke umekuwa sawa, kwa hiyo leo Bibi yuko sawa. Mkono wangu ulipima joto la sufuria, na nikadhani nimempima mtu.

Sitaki kusema kwamba ustadi ule ulikuwa bure. Ni nyungu iliyonifundisha kusikiliza pumzi. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa ninaweza kutofautisha pumzi ya pua iliyoziba na pumzi inayokwama chini zaidi, na ile ya pili nilikuwa nimeisikia. Ilikuwa ipo, kila jioni, chini ya blanketi. Nilichokosa ni kuiruhusu inikatishe kazi. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya ujuzi ambayo Ryle hakunionyesha, au alinionyesha nikapita: anayejua namna ya kufanya jambo anapaswa kujua pia linaishia wapi. Bibi alilisema kuhusu moto tangu siku ya kwanza. Zima kwanza. Mimi nilidhani anazungumzia gesi tu.

Mwezi wa pili wa dawa, uzito ukiwa umeanza kurudi na makohozi yamepimwa tena hayana vimelea, aliomba nyungu. Niliitayarisha kama alivyonifundisha, lakini nikaiweka barazani, hewani, bila blanketi. Kabla sijainua mfuniko nilimwambia nilichopaswa kumwambia Juni.

"Bibi, hii si dawa. Sijawahi kuamini kwamba ni dawa."

Akanitazama kwa muda, kanga mdomoni kama nesi alivyomzoesha.

"Na mimi nani alikwambia nilidhani ni dawa? Nilikuona umekuja na mabuku yako umenyong'onyea, huna la kufanya na mikono. Ukawa unafurahi jioni. Nikasema ngoja nimwachie mume wangu."

Tulikaa kimya. Kila mmoja alikuwa amekaa chini ya blanketi wiki tano kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyeuliza. Siwezi kuamua kama hilo linapunguza kosa langu au linaliongeza. Msimamizi wangu ananidai sura ya tatu, na bado sijaiandika.

Nikainua mfuniko upana wa kidole, nikapitisha mkono.

"Bado," akasema Bibi. "Acha upoe."