Chui na Mwenyewe

Utotoni, kwetu Unguja, tuliambiwa kila chui ana mwenyewe: mchawi anayemfuga na kumtuma. Sababu naiona sasa. Chui huwinda peke yake, usiku, na madoa yake humpoteza katika vivuli vya msitu. Hunyatia mpaka karibu kabisa, akaruka, akakaba koo. Asubuhi mwenye mbuzi huona nyayo tu. Yaliyobaki tuliyajaza wenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kuwasaka chui pamoja na waliodaiwa kuwafuga. Kijijini petu akanyooshewa kidole mzee mmoja, mpole, eti kwa kuwa mbuzi wake hawakuwahi kuliwa. Nami nilinyoosha changu. Msomaji, utasema nilikuwa mtoto. Ndiyo. Lakini mbuzi wetu nao hawakuwahi kuliwa, na hilo nililijua.