Mwenye Kukata Shauri na Mwenye Kuondoka

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa programu mama ni huria: kila ajuaye ana ruhusa ya kuinakili na kuibadili. Mwaka 2010 wengi wa wajenzi wa programu mama walihofia uongozi wa kampuni ya Oracle; wakachukua nakala, wakajitenga, ikazaliwa LibreOffice. Hawakumwibia mtu. Kiongozi wa kazi kama hiyo hutawala kwa hisani ya watu wanaoweza kuondoka na mali yote, na yote ikabaki vilevile nyuma yao.

Sisi wa pwani twausifu upesi uhuru huo. Bahari imetuzoeza kutweka tanga. Lakini nenda Usangu, Mbeya, kwenye majaruba ya mpunga. Wa juu akifungua banio, wa chini hungoja zamu. Ruaha Mkuu ukitoka huko hupita Ihefu, ukaingia Hifadhi ya Ruaha, Iringa. Na tangu 1993 umekuwa ukikatika huko karibu kila kiangazi, viboko wakibanana madimbwini. Maji hayana nakala. Wa chini hawezi kuubeba mto wake akajitenga.

Kiongozi wa programu asiposikiliza, hupungukiwa yeye. Usangu hupungukiwa asiyesikilizwa. Kwa hiyo penye mkutano wa kugawa zamu, ningependa aliye mwisho wa mfereji aanze kusema, tena amsemee na kiboko, ambaye kwa ukubwa wote wa kinywa chake hana kauli.