Kichwa cha Luzira na Deni la Udongo

Mfinyanzi hulia gaeni. Wahenga walimsikitikia fundi awachomeaye wenziwe vyungu vizima, naye akala katika kipande kilichovunjika. Katika Ziwa Viktoria methali hii imepata maana nyingine: kazi imetunzwa, aliyeifanya hajulikani hata kwa jina.

Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha Gereza la Luzira, karibu na Kampala, walifukua kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, pamoja na vipande vingine. Tangu 1931 kichwa hicho kimo British Museum, London. Andrew Reid na Ceri Ashley, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walikikadiria kuwa cha mwisho wa milenia ya kwanza au mwanzo wa milenia ya pili.

Je, ni cha nani? Akihifadhiye husema kwamba bila yeye kingepotea. Hoja hiyo ina uzito, lakini mtunza amana hawi mwenye mali kwa sababu ametunza vyema. Mwenye ardhi husema kimetoka kwake. Hilo nalo ni kweli. Ila aliyekifinyanga hakuujua mpaka uliopitishwa juu ya maji ya ziwa mwaka 1890, na mtu wa Mwanza anayanywa maji yale yale.

Huenda swali limeulizwa kombo. Badala ya kuuliza kitu hiki ni mali ya nani, na iulizwe: kinamdai nani? Kinaidai London iwape watoto wa ziwa njia ya kukitazama kwao. Kinawadai waandishi wa historia wasiwasahau wafungwa, ambao jasho lao ndilo lililokifukua.

Hata Mwanza inadaiwa. Katika mwambao huo wa kusini vimeokotwa vigae vya ufinyanzi wa Urewe, ulioitwa kwa jina la mahali palipo Siaya, Kenya, na ambao asili yake ni ya kale kuliko kichwa cha Luzira. Vigae hivyo havina macho wala kinywa, kwa hiyo ni wachache wavililiao. Lakini mikono iliyovichora ilikuwa mikono ya watu. Adaiye kichwa kirudi kutoka ng'ambo, huku akikanyaga gae mlangoni pake, anadai haki, ila anaidai nusu. Nusu ya pili haihitaji ruhusa ya London. Yahitaji mtu ainame, aokote, aulize.