Kijiji Hakiundwi kwa Kupanga Nyumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa chama cha siasa cha TANU waliingia porini Litowa, wilayani Songea, ili waanzishe kijiji. Jaribio la kwanza liliwashinda. Wakarudi tena, na safari hii wakadumu. Hakuna aliyewaamuru. Walilima pamoja, wakagawana mavuno, na mambo mazito wakayaamua kikaoni: shamba lipi lilimwe, nani afanye kazi ipi, mapato yatumikeje. Walijenga pia shule, ikapokea hata watoto wa vijiji jirani. Vijiji vya namna hiyo vilifika 17 hivi chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokuwa na mashine yake ya kusaga nafaka mjini Songea.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Ujamaa Vijijini mwaka 1967, aliyoyaeleza yalikuwa yakitendeka Litowa. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na mali zake zikachukuliwa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuhamia vijijini ni amri. Mamilioni ya watu walihama, wengine baada ya nyumba zao kubomolewa. Waliacha miembe waliyoipanda wazee wao, wakaacha na makaburi. Nyumba mpya zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, mashamba yakabaki mbali.

Operesheni ilileta shule na zahanati, na wema huo haustahili kubezwa. Lakini najiuliza: Litowa palikuwa na nini ambacho amri haikuweza kukileta? Nyumba, mashamba na viongozi vilikuwepo kote kuwili. Naamini jibu ni hili: Litowa mtu alijua kwa nini analima, kwa sababu alikuwepo uamuzi ulipofanywa. Jasho halimchoshi sana mtu anayejua sababu yake. Aliyepangiwa kila kitu hubaki mgeni hata kwake mwenyewe.

Ndiyo maana vijiji vingi vya operesheni viligeuka vijiji vya kweli baadaye, taratibu, pale wakazi walipozika wafu wao hapo, wakaozeshana, wakakopeshana mbegu na kusuluhishana ugomvi wa mipaka. Maana ya mahali huletwa na wanaopashughulikia.

Leo sheria ya Tanzania imekipa kila kijiji mkutano mkuu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema humo. Mwenyekiti anaposimama chini ya mwembe, mtendaji akasoma mapato na matumizi, halafu mama mmoja akanyoosha mkono na kuuliza fedha za gulio zimekwenda wapi, hapo kijiji kinajengwa upya. Hesabu zikisomwa mbele ya viti vitupu, zimebaki nyumba tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbiu ya mkutano ikipigwa kijijini kwenu, nenda. Na ukifika, uliza.