Umenigusa: Mcheza Vitara na Njia Yetu ya Wapagazi



Leo tuongee kuhusu upanga. Msishtuke. Najua hapa Tabora ukitaja silaha mtu anamkumbuka Mtemi Mirambo na vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe. Mimi nawaletea upanga wa mchezoni, na aliyeushika ni dada mwenye damu ya majirani zetu wa Kenya.

Anaitwa Alexandra Ndolo. Alizaliwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1986, baba Mkenya, mama Mpolandi. Mchezo wake ni vitara, aina inayoitwa epe. Wawili wanasimama kwenye njia nyembamba ya mita 14, nguo nyeupe, barakoa ya wavu usoni, kila mmoja na upanga usiofika kilo moja. Ukimgusa mwenzako kwa ncha, popote pale, kuanzia kichwani hadi kidole cha mguu, taa inawaka na pointi ni yako. Na kabla ya kuanza, lazima umsalimu mpinzani wako, umsalimu refa, uwasalimu na watazamaji. Bila salamu hakuna mchezo. (Hiyo peke yake ingetosha kuwa mahubiri kwa wale wanaogombana kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya.)

Mwaka 2022 kule Cairo, Ndolo akiichezea Ujerumani alifika fainali ya ubingwa wa dunia. Song Se-ra wa Korea Kusini akamshinda, naye akachukua medali ya fedha. Wa pili duniani, jamani! Mtu akifika hapo kawaida anatulia, anakula matunda ya jasho lake. Yeye mwaka huohuo akahamia Kenya. Kenya ambayo shirikisho lake la vitara lilianza 2019 tu, na yeye mwenyewe akiwa kati ya waliolianzisha. Akaiacha timu yenye kumbi na makocha, akaenda kubeba bendera ambayo katika mchezo ule hakuna aliyewahi kuifikisha Olimpiki.

Sisi wa Tabora tunajua kubeba. Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo, kilomita kama 800, na waliona fahari kwa kazi hiyo. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Sidhani kama wazo hilo limekufa. Reli ilifika hapa mwaka 1912 na mabasi yakafuata, lakini mpaka leo kitu kizuri tunaamini kiko mashariki, na mzigo wetu wote unaelekea huko. Siwalaumu mnaokwenda Dar. Nasema tu kwamba Injili ilikuja kwa njia hiyohiyo ikiwa imegeuka. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika kumi waliondoka Bagamoyo kuja bara, na mmoja wao, Padre Pascal, akafia porini kabla ya kuiona Tabora. Mwaka 1880 akaja Leopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, mtu wa upanga kwelikweli, aliyejeruhiwa Castelfidardo mwaka 1860. Huyu aliishia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akiwalinda watu dhidi ya wavamizi wa watumwa, akamwoa Agnes Atakao, akafa huko mwaka 1927. Mimi bado nina maswali kuhusu msalaba na bunduki kusafiri msafara mmoja. Lakini kwamba alikwenda mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimsubiri kumpigia makofi, hilo silibishi.

Mtume Paulo anawaeleza Wafilipi kwamba Kristo hakuing'ang'ania nafasi yake. Alijishusha akawa mtumishi. Tunaisoma kila Dominika ya Matawi, tunapita. Ndolo siwaletei kama mtakatifu. Nawaletea kama mwanamichezo aliyekuwa na kitu cha kung'ang'ania, akakiachia.

Akapata nini sasa? Aprili 2024 alishinda mashindano ya Afrika ya kufuzu kule Algiers, akawa mcheza vitara wa kwanza wa Kenya kwenda Olimpiki. Tarehe 27 Julai 2024, Grand Palais, Paris, akacheza na Olena Kryvytska wa Ukraina. Akashindwa kwa mguso mmoja. Pambano la kwanza, mguso mmoja, basi, safari imekwisha.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana nawajua. Binti mmoja baada ya kipindi cha VIWAWA aliniambia: "Padre, nina miaka ishirini na tatu, sina chuo, sina kazi. Si nimeshachelewa?" Ndolo alipanda jukwaa la Olimpiki akiwa na miaka 37. Angeweza kubaki na hesabu za usalama. Akachagua kwenda kushindwa mbele ya dunia nzima kwa ajili ya watoto wa Nairobi ambao hawakuwa wamewahi kuona mtu anayefanana nao ndani ya barakoa ile. Mwanangu, hujachelewa. Unaogopa kuanza jambo ambalo huenda lisikupe medali, na hofu hiyo ni kitu kingine kabisa.

Kuna jambo moja zaidi la mchezo huu linalonikaa moyoni. Kabla ya epe kuwekewa umeme miaka ya 1930, hapakuwa na taa. Waamuzi walikodoa macho, na mara nyingi ncha ilipita wasiione. Heshima ya mchezaji ilikuwa kwamba aliyeguswa anasema mwenyewe: umenigusa. Hata kama refa hakuona. Hata kama pointi ile inampotezea pambano.

Sasa fikiria kitubio. Wengi mnakuja na taa ya umeme: unaungama lile ambalo mama ameshaliona, ambalo jumuiya nzima inaliongelea. Lile ambalo hakuna refa aliyeliona unaondoka nalo nyumbani. Unabaki na pointi, na jeraha linabaki na wewe. Bwana hakusubiri kiti chako cha kitubio ili ajue ncha ilikugusa wapi. Anasubiri usikie sauti yako mwenyewe ikisema, kwa sababu kidonda kilichofichwa hakifungwi dawa.

Na kumbukeni kwamba kwenye epe wawili wakigusana kwa pamoja, wote wanahesabiwa. Mkigombana na ndugu, acha kuuliza nani alianza. Nenda na lako.

Jumamosi nitakaa kwenye kitubio kuanzia saa tisa alasiri mpaka wa mwisho aondoke. Mkiwahi mtapata benchi la kivulini, chini ya mwembe.